Maji ya Moto, Hodi

Tulipakia gari la Penieli pale Kijenge, Ijumaa alasiri,
mkungu wa ndizi mshare ukigombania nafasi na godoro,
na mume wangu kiti cha mbele, amekumbatia sufuria
kama mtu aliyeitwa kazini ghafla.
Mwendo wa saa moja tu. Saa moja!
Nami nimekaa Arusha miaka thelathini na miwili
sijalivuka geti lile.

Getini askari akauliza, "Mzee Elirehema,
leo umetuletea wageni wa wapi?"
Akatutazama, mimi na binti, akakohoa.
"Wa Kijenge."
Wakacheka wote wawili hadi risiti ikapeperuka.

Miaka ishirini na sita amewapikia watu mahemani.
Ameoka mikate juu ya makaa, mlimani, kwenye baridi,
amejua nani hali mayai,
nani analia usiku kwa kumwogopa fisi.
Akirudi nyumbani moshi ulimkaa shingoni siku tatu,
na nilipomuuliza, "Huko kukoje?"
alijibu, "Kazi tu."

Basi leo naiona, hiyo kazi tu.
Nyati tisa kwenye uwanda, wametulia
kama watu wanaomsubiri daktari.
Mbega wanaruka mtarakwa hadi mtarakwa,
mikia yao mieupe mashuka
yaliyosahauliwa kambani.
Na Meru umeketi juu yetu, mkubwa mno.
Kule mjini huwa nauona kati ya nyaya za umeme na bango la saruji,
nikidhani nimeuona.

Elirehema alikatazwa kugusa hema.
Penieli alilisimamisha mwenyewe, kwa maelezo ya kwenye mfuko,
likasimama kama ng'ombe mwenye homa.
Baba yake akakaa juu ya kidumu, mikono magotini,
vidole vikifunga kamba zisizokuwapo.
Alivumilia robo saa.
Kisha akasema anakwenda kujisaidia,
akapitia nyuma ya hema,
na hema likanyooka.

Usiku, upande wa mjini,
wingu lina rangi ya chai ya maziwa.
Huko chini jirani yetu anaoza binti, spika ziko barabarani.
Hapa kuna kitu kinapumua ng'ambo ya kitambaa,
kizito, hakina haraka.
Nikamshika mkono. "Ni nini?"
"Nyati."
"Anataka nini?"
"Nyasi. Lala."
Akalala palepale, kama taa iliyozimwa.
Mimi nikabaki na yule mlaji,
nikihesabu kila tonge analolinyofoa
sentimita chache kutoka sikioni mwangu,
hadi woga wenyewe ukachoka, ukajinyoosha kando yangu.

Nilipoamka nafasi yake ilikuwa baridi.
Nje, kuni zikivunjwa. Mfuniko.
Kisha nyayo, polepole, zikasimama kwenye zipu.
Hema halina ubao wa kubisha.
Alikikuna kitambaa kwa kucha, mara tatu,
na kwa sauti nisiyoijua,
sauti iliyopigwa pasi, isiyo na hata kunyanzi moja,
niliyoolewa nayo miaka yote bila kuisikia,
akasema:
"Hodi. Habari za asubuhi, mama. Maji ya moto haya."

Nikafungua.
Beseni la bluu, lile la kufulia, mvuke unapanda,
taulo limekunjwa pembetatu juu ya jiwe.
Yeye alishageuka, anaondoka, mgongo umeinama kidogo,
ndivyo walivyofundishwa:
mgeni hatazamwi kabla hajanawa uso.

"Elirehema," nikaita. "Wewe! Rudi hapa."

Akarudi, amejifuta mikono kwenye suruali,
hajui aiweke wapi.
Kilimanjaro ilikuwa imejitokeza mashariki, nyekundu,
Penieli anapiga kelele tutoke tuione.
Ingesubiri.
Beseni lilikuwa dogo,
lakini mikono minne, ikibanana, iliingia.